Sumaku na Uzi

Neno pikapu huwakumbusha wengi gari la kuchukulia mizigo. Pikapu ninayokusudia kuieleza ni chombo kidogo kilichowekwa chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Ndani yake mna sumaku na waya wa shaba, mwembamba kama unywele, uliozungushwa mara maelfu. Uzi wa chuma utikisikapo juu yake huutikisa uga wa sumaku, na mtikisiko huo huzaa umeme hafifu katika waya. Kanuni hii aliidhihirisha Michael Faraday, London, mwaka 1831. Umeme huo hupelekwa kwenye kikuza sauti. Pasipo huo, gitaa la ubao mzito ni karibu na bubu.

Marehemu kaka yangu aliacha gitaa la namna hii, nalo limerithiwa na mwanawe. Kijana aliniletea akitaka litoe sauti ya roki ya kale, kama ile aliyoipiga Eric Clapton katika santuri ya John Mayall ya mwaka 1966, ambayo baba yake aliipenda mno. Dawa alikwisha kuichagua mwenyewe.

"Baba mdogo," alisema, "hizi pikapu za baba ni dhaifu. Nataka zenye nguvu kupita zote."

Bei ya hizo alizozitaka ilikaribia ada yake ya muhula. Tena kuzitia kulikuwa ni kuzing'oa zile ambazo baba yake alizipigia maisha yake yote.

Nilimjibu kwamba nguvu ni jambo moja na sauti ni jambo jingine. Pikapu ya koili mbili ilibuniwa na Seth Lover, mtumishi wa Gibson huko Kalamazoo, Marekani, aliyeiombea hataza mwaka 1955 na kuipata mwaka 1959. Shabaha yake ilikuwa kuua mvumo wa nyaya za umeme: koili mbili zimepangwa kwa kupingana, hata mvumo uingiao katika zote mbili ukajifuta, na sauti ya uzi ikabaki. Kila koili ilikuwa na mizunguko 5,000 hivi, lakini mafundi hawakuifikisha idadi moja daima. Ndiyo maana za kale hazifanani kabisa. Mizunguko ikizidi, nguvu huongezeka, ila sauti nyembamba za juu hufifia, na ung'avu wa gitaa hupotea pamoja nazo. Ukwaruzo tuusikiao katika santuri ile ulitoka kwenye kikuza sauti kilichofunguliwa sana. Basi atafutaye sauti ya kale na achague pikapu ya nguvu ya wastani. Nilizipima za kaka yangu: kila moja ilionyesha omu 8,000 hivi, kiasi cha nyingi za zama zile.

Ikabaki kazi ya bisibisi. Pikapu hupandishwa na kushushwa kwa skrubu mbili za kandoni. Bonyeza uzi juu ya chuma cha mwisho cha shingo, kisha upime nafasi iliyopo kati ya uzi na pikapu. Milimita 2 ni mwanzo mwema. Ikiwa mbali mno, sauti hulegea, maana fimbo ya mbali haiui nyoka. Ikiwa karibu mno, sumaku huuvuta uzi na kuunyima uhuru wa kucheza. Sauti huyumba na kufa upesi, kwani vyombo vikikaa pamoja havina budi kugongana. Pikapu ya shingoni hushushwa zaidi, kwa kuwa hapo uzi hucheza kwa upana. Ya darajani husogezwa karibu, kwa kuwa hapo mchezo wa uzi ni mdogo. Upande wa nyuzi nene nao hushushwa kidogo. Kila mara geuza skrubu robo mzunguko tu, kisha upige na usikilize.

Tulipomaliza kijana aliuliza kama hivyo ndivyo baba yake alivyosikika. Sikuweza kuapa. Hatuna santuri yake hata moja, na kumbukumbu ya sikio haipimwi kwa rula. Nilimwambia kwamba sumaku ni zilezile, waya ni uleule, na vidole sasa ni vyake. Aliridhika, na ada ya muhula ikalipwa.