Lehemu Haibebi Mzigo

Banda la Fundi, mtengeneza redio aliyenifunza kazi, pale Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga, limevunjwa. Mwenye kiwanja ana haki yake, na mabati yale yalikuwa yameshaliwa na chumvi ya bahari. Lakini wiki ileile mpwa wangu alitupa spika yake ndogo kwa sababu tundu la chaji lilikuwa linacheza. Nilipomuuliza kwa nini hakuipeleka kwa fundi, alinijibu kwa upole kabisa, "Mjomba, ikishalegea hapo ndiyo basi. Vitu vya siku hizi havina fundi." Amekua akiamini hivyo na hakuna aliyemwambia vingine. Mimi nimelelewa na benchi lililojengwa juu ya imani tofauti, nami sitaki imani hiyo ifukiwe pamoja na kifusi.

Cheti changu cha darasa la saba kimeandikwa 1984, na nimezoea kusema kwamba nilianza kukaa kwa Fundi mwaka huo. Kaka yangu anashikilia kuwa nilikuwa nikionekana pale mapema zaidi, tangu redio yetu ya nyumbani ilipozimika. Na iwe hivyo.

Ukiingia bandani, harufu ndiyo iliyotangulia kukupokea. Palikuwa na moshi wa ulimbo kwenye ncha ya pasi ya kulehemu, mtamu na mkali kwa pamoja. Palikuwa na harufu ya bodi ya kahawia iliyopata moto kupita kiasi, yenye uchachu unaong'ang'ania kooni. Ukiisikia hiyo ujue kuna mwanafunzi aliyekawiza pasi mahali pamoja. Palikuwa na mkaa pia, kwa kuwa umeme ulipokatika Fundi alikuwa na pasi ya pili, yenye kichwa cha shaba, aliyoipasha kwenye jiko na kuendelea na kazi. Mwuza kahawa akipita na dele lake, harufu zote hizo zilichanganyika. Mpaka leo nikiisikia tangawizi namkumbuka Fundi ameinamia redio, miwani imeshuka puani.

Redio zenyewe zilikuwa zaidi Philips na National. Betri zilipoadimika, watu walizipanga zilizochoka, moja nyuma ya nyingine, wakazikaza kwa ubao na kamba, kisha wakavuta nyaya mbili hadi kwenye tundu la nyuma ya redio. Wenye umeme walichomeka adapta palepale. Basi tundu lile likawa linaguswa kutwa: taarifa ya habari inachomekwa, ikiisha inachomolewa, mtoto anajikwaa kwenye waya, redio inaburutwa mezani. Hakuna sehemu ya redio iliyopata taabu kama ile, na hakuna aliyoichunguza Fundi kwa makini kama hiyo.

Redio nzuri ilikuwa na tundu lenye shingo ya hesi. Shingo ilipenya kwenye kasha, nati ikakazwa kwa nje, na nyuma ya tundu zikatoka nyaya laini zilizolegezwa kidogo kuelekea kwenye bodi. Ukisukuma plagi, nguvu ya mkono wako inaishia kwenye kasha. Bodi haina habari. Fundi alinionyesha hilo siku nilipomwamkia, "Shikamoo Fundi," naye akaitikia marahaba huku akinipa bisibisi badala ya kiti. Akaniambia, "Lehemu kazi yake ni kupitisha umeme, mwanangu. Mzigo mpe nati. Mlango haushikwi na rangi, unashikwa na bawaba."

Redio nyingine zilikuja na tundu lililolehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, kasha limetobolewa tu ili plagi ipite. Hizo ndizo zilizomletea riziki. Mteja alieleza ugonjwa uleule: inaimba ukiishika waya, ukiuachia inanyamaza. Fundi hakuhitaji mita. Aliigeuza bodi kwenye mwanga wa mlangoni, akanipa lenzi, akasema tazama mguuni. Palikuwa na ufa mwembamba sana, mweusi, umeuzunguka mguu wa tundu kama duara kamili. Kila plagi iliposukumwa, mguu ulikuwa ukitikisika ndani ya lehemu, hadi lehemu ikachoka na kuachia. Kwa macho matupu ungeapa kwamba kiungo ni kizima.

Fundi wa haraka angeyeyusha tena lehemu ileile na kupokea pesa. Fundi wetu aliitoa yote. Alikwangua shaba mpaka kutu ya kijani ikaisha, kwa sababu hewa ya Tanga haisamehi uchafu unaofunikwa. Kama tundu lilikuwa na nafasi ya nati, alilihamishia kwenye kasha na kuliunganisha kwa nyaya. Kama halikuwa nayo, alitoboa bodi vitundu viwili, kila ubavu kimoja, mahali pasipo na njia ya umeme, akapitisha waya mwembamba wa shaba juu ya mgongo wa tundu na kuusokota chini hadi tundu likatulia. Ndipo alipolehemu miguu. Mwisho alipiga fundo kwenye waya ndani ya kasha, ili atakayeuvuta alivute kasha na si bodi. Kisha alichomeka plagi na kuitikisa kushoto na kulia, juu na chini. Redio ikikatika hata kidogo, ilirudi benchini.

Nayaeleza haya kirefu kwa sababu ninayoyaona leo yananikera. Nimeona tundu la simu limemiminiwa supagluu likaganda na plagi yake ya zamani ndani. Nimeona kijana akipuliza hewa ya moto hadi bodi ikabadilika rangi, akamkabidhi mteja simu bila kuuchezesha waya hata mara moja. Mashine anayo, tena nzuri kuliko jiko la mkaa. Alichokosa ni mtu wa kumwambia mzigo unakwenda wapi.

Miaka ya redio kaseti ilipita kwa kelele, matundu mengi zaidi yakihamia kwenye bodi kupunguza gharama. Kisha zikaja simu. Nokia 3310 ilinifurahisha: sehemu ya chini yenye tundu la chaji ilikaa kwenye fremu na kuigusa bodi kwa springi, ikiharibika unafungua skrubu na kuweka nyingine. Fundi aliwahi kuiona kabla hajatutoka, akaisifu.

Mwaka 2007 ikatangazwa micro-USB. Kwa kiwango chake ilitakiwa kustahimili kuchomekwa mara 10,000, na vishikizo vyake viliwekwa upande wa plagi ili waya uchakae kabla ya simu. Lakini hesabu ya kuchomeka ni tofauti na kukunjwa na mtu anayezungumza amelala huku simu iko kwenye chaji. Kwenye simu za bei ya chini tundu lilibandikwa juu ya bodi tu, bila miguu ya kupenya, likishikiliwa na tabaka la shaba la mikromita 35 hivi. Likivutwa, linang'oka na shaba yake. Tena Ulaya ilikuwa imezuia risasi kwenye lehemu tangu Julai 2006, kwa afya ya watu. Lehemu iliyokuwa ikiyeyuka kwenye nyuzi 183 nafasi yake ikachukuliwa na inayohitaji kama 217, na mwanafunzi mwenye pasi dhaifu akawa anaikaanga bodi.

Sasa tuna Taipu C, ambayo kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 ni lazima kwa simu mpya zinazouzwa Umoja wa Ulaya. Nyingi zina miguu inayopenya bodi, na baadhi ya simu zimeweka tundu kwenye kibodi chake kidogo cha pembeni chenye skrubu. Hapo naona akili ya nati inarudi, nami nafurahi.

Kwa hiyo, mnunuzi, kabla hujalipa chomeka waya, utikise taratibu, na utazame mdomo wa tundu. Ukiona chuma kinacheza, rudisha kifaa. Na wewe kijana wa ufundi, usimwambie mteja kuwa kitu chake hakina fundi. Safisha shaba, tafuta tundu lenye miguu ya kupenya, lifunge mwili wake kwanza, lehemu baadaye, kisha litikise mbele ya macho yake. Kazi hiyo inachukua muda zaidi, na una haki ya kuidai bei yake.