Presha Iliyokataa Kushuka

Nakuandikia wewe unayemeza dawa za presha kila siku na bado haishuki.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Morogoro. Presha ilinianza nikiwa na miaka 31. Nilipewa kidonge kimoja, kikaongezwa cha pili, kisha cha tatu. Bado ilicheza kwenye 170 kwa 110. Usiku niliamka kila mara kwenda haja ndogo. Mchana kichwa kiligonga, moyo ulienda mbio, misuli ilikaza. Kliniki waliniuliza kama kweli nameza dawa. Nilikuwa nameza. Mume wangu ndiye aliyenipa kila jioni.

Asubuhi moja nilitaka kushuka kitandani. Miguu haikusogea. Nikajaribu tena. Wapi. Mikono nayo mizito. Nikajua ni kiharusi. Nikawaza wanangu, bado wadogo. Mume wangu alinibeba mgongoni hadi barabarani, tukapata bajaji.

Hospitali walipima damu. Potasiamu ilikuwa 1.9, na kwa kawaida haitakiwi kushuka chini ya 3.5. Daktari alimwambia mume wangu kwamba moyo ungeweza kusimama. Nilisikia. Niliwekewa dripu, waya kifuani. Usiku ule sikulala. Niliogopa kufumba macho, nisije nisiyafumbue tena. Mama mkwe alikaa kando yangu, ameshika miguu yangu, anaomba. Mpaka kunakucha.

Yule daktari hakuishia kwenye dripu. Alitueleza kwamba juu ya kila figo kuna tezi ndogo, adrenali. Tezi hizo hutoa homoni ya aldosteroni, inayoziamuru figo zibakize chumvi na kutoa potasiamu. Homoni hiyo ikizidi, presha hupanda na misuli huishiwa nguvu. Alisema Jerome Conn, daktari wa Marekani, alieleza ugonjwa huu mwaka 1955. Nilitulia kidogo. Kumbe unajulikana.

Vipimo vya damu vilithibitisha kuwa nina ugonjwa huo. Picha ya CT scan, niliyopigwa Dar es Salaam, ilionyesha uvimbe mdogo kwenye tezi ya kushoto. Ndugu walichanga. Nilitumia dawa ya spironolaktoni kwanza ili potasiamu ikae sawa, kisha nikafanyiwa upasuaji wa matundu madogo, wakaitoa tezi ile. Ya kulia inatosha.

Leo presha yangu ni 128 kwa 82, kwa kidonge kimoja tu. Nalala usiku kucha. Nasimama ubaoni vipindi vyote. Nimerudi kwaya. Wanangu wanasema mama hana hasira tena, nami sikujua kama uchovu ule ulikuwa umewagusa hata wao. Hofu haijaisha yote. Mguu ukifa ganzi, moyo hunishtuka, nami humwita Mungu kabla ya kumwita mtu.

Wodini nilikuwa na dada mmoja ambaye tezi zake zote mbili zilikuwa na tatizo. Yeye hakupasuliwa. Anameza spironolaktoni kila siku na kupimwa potasiamu mara kwa mara, maana dawa hiyo huweza kuipandisha kupita kiasi. Nguvu zake zilirudi polepole kuliko zangu, lakini zimerudi, na sasa analima. Kwa wanaume dawa hiyo huweza kuvimbisha matiti. Kaka yangu, jambo hilo likikupata, usione haya, mwambie daktari.

Kama presha ilikuanza ukiwa kijana, au dawa aina tatu hazijaishusha, au umeambiwa potasiamu iko chini, muulize daktari kuhusu kipimo cha aldosteroni. Usiache dawa zako kwa uamuzi wako mwenyewe. Nenda na mtu wa nyumbani, akusaidie kusikiliza siku ambayo hofu itakuziba masikio. Nawe ukikata tamaa, waache watu wa nyumbani waombe kwa niaba yako, kama nilivyoombewa mimi. Mungu aliyeniinua kitandani akuinue na wewe.