Theluji ya Bariadi

Sisi vijana wa mjini wengi wetu tuna nyumbani pawili. Kuna nyumbani pa chumba cha kupanga na kijiwe, halafu kuna nyumbani pa zizi, shamba na makaburi ya wazee. Pa kwanza pangu ni Mwanza. Pa pili ni Bariadi, kwa bibi yangu mzaa baba, na ndiko ninakotaka kukupeleka leo, msomaji mwenzangu.

Nina mshikaji wangu alibahatika kwenda Kanada. Kila Januari ananitumia picha za theluji. Gari limefunikwa, miti imefunikwa, yeye mwenyewe kavaa koti utadhani kajifunga godoro. Ananitambia: "Nyie theluji mtaishia kuitazama kwa mbali juu ya Kilimanjaro." Sawa, kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895 na mimi sijakanyaga hata mita ya kwanza. Lakini mwaka huu na mimi nikamrushia picha yangu: shamba jeupe mpaka macho yanachoka. Akauliza, hiyo nchi gani? Bariadi hiyo, kaka. Theluji yetu haidondoki kutoka mbinguni, inachomoza kutoka ardhini.

Ukitoka Mwanza kwa basi unapita Magu, unavuka mto Simiyu unaokwenda kumwaga maji yake ziwani, unafika Lamadi. Hapo unaliacha ziwa na barabara ya Musoma, unakunja kulia. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, makao makuu yakawa Bariadi. Kabla ya hapo tulikuwa Shinyanga, na bibi yangu mpaka leo ukimwuliza anakaa mkoa gani anakujibu Shinyanga, basi. Mwezi wa sita mvua zimekwisha, asubuhi kuna kabaridi ka kukunja mabega, na pamba iliyopandwa na mvua za mwisho wa mwaka imeshapasuka. Vitumba vimefunguka, majani yamekauka, nchi imekuwa nyeupe.

Wewe unayependa kupiga picha, nikuambie kitu: weupe ni mgumu. Kamera haijui pamba wala theluji. Inapima mwanga na kudhani kila kilicho mbele yake ni cha rangi ya kati, ya kijivujivu. Ikikutana na weupe mtupu inaona mwanga umezidi, inaupunguza, na pamba safi inatoka kama majivu ya jikoni. Wapigapicha wa nchi za baridi wanalijua hilo siku nyingi, ndiyo maana kwenye theluji huongeza mwanga hatua moja au mbili. Kule Vermont, Marekani, alikuwepo mtu anaitwa Wilson Bentley. Mwaka 1885 aliunganisha kamera na hadubini akapiga picha ya chembe moja ya theluji. Hakuacha mpaka alipofikisha picha zaidi ya 5,000. Kazi yake ilikuwa nini? Mkulima! Niliposoma hivyo nilimpenda bure.

Siku ya pili tukaenda shambani. Kuchuma pamba hakuanzi alfajiri, lazima umande ukauke kwanza, maana pamba yenye maji huharibika ikirundikwa. Bibi anatembea na viroba viwili, kimoja cha pamba safi, kingine cha fifi, ile iliyochafuka au kuliwa na wadudu. Bei zake si moja. Maganda ya vitumba yana ncha zinazochoma, lakini vidole vyake vinaingia na kutoka kama vya mtu anayesuka. Mimi na simu yangu nikawa napiga tu: pamba kwa karibu, pamba kwa mbali, mbuyu katikati ya weupe.

"Mjukuu wangu, unapiga nini tangu asubuhi?"

"Pamba, bibi. Imependeza mno."

"Pamba nimeiona tangu mtoto. Mimi je, sina uso?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliweka kiroba chini, akaniambia kwamba babu alipofariki ilitafutwa picha nyumba nzima, hakuna. Ikabidi ikuzwe ile ya kwenye kadi ya kupigia kura. Uso ukatoka kama umepakwa vumbi, wageni waliotoka mbali wakawa wanaulizana huyo juu ya jeneza ni nani.

"Mimi sitaki kuzikwa na picha ya kura," akasema. Halafu akarudi kuchuma.

Jioni alioga, akavaa kitenge chake kizuri. Nikamwekea kiti chini ya mwembe, akakataa. Anataka pamba iwe nyuma yake, watu wajue alikuwa mtu wa kazi. Hapo ndipo pagumu sasa. Uso mweusi mbele ya weupe mtupu: ukiifuata pamba, mtu anakuwa kivuli, ukimfuata mtu, pamba inaungua, inabaki karatasi tupu. Nilisubiri jua lishuke, nikamgeuza alitazame, nikagusa uso wake pale kwenye kioo cha simu ili simu ipime mwanga hapo. Pamba ikapotea nyuma. Mikunjo ya uso ikatokea yote, na jicho la kushoto linalojifunga kidogo akitaka kutania.

Nilichagua uso, na ningechagua hivyo hivyo kesho. Pamba ile ndiyo iliyoninunulia sare na madaftari mpaka namaliza kidato cha nne, lakini haikutembea yenyewe mpaka kwenye mzani. Theluji ya Kanada huyeyuka. Ya kwetu, mavuno yakiisha, masalia hung'olewa na kuchomwa moto ili wadudu wafe. Mwakani weupe utarudi. Wa kuuchuma ndiye sina hakika naye. Wajomba na baba wadogo wameshaanza kuongea chinichini habari za kulikodisha shamba.

Riwaya yangu iko kwenye kaunta buku la tatu sasa, na safari hii nimerudi nayo mwanamke mwenye viroba viwili. Picha niliisafisha Mwanza, nikaituma kwa kondakta wa basi. Baada ya siku mbili bibi akapiga simu.

"Imefika. Pamba haionekani vizuri."

"Najua, bibi."

"Lakini mimi naonekana. Wabeja, mjukuu wangu."

Nasikia kaifunga kwenye khanga, kaiweka chini kabisa ya sanduku. Naomba ikae humo miaka mingi, mpaka hiyo khanga ichakae.