Mkate wa Zaituni wa Ewuaso Kedong

Tangu tuliposhuka Mombasa kwa Idd na kuandaa ule mkate wenye vishimo juu yake, akina mama kadhaa wametuomba tuwaandikie namna unavyopikwa. Tunaitikia kwa furaha, ila mkate wenyewe hauelezeki bila ya kuieleza nyumba tulimoupikia, na nyumba hiyo haiko pwani. Iko Ewuaso Kedong, magharibi ya vilima vya Ngong, katika kaunti ya Kajiado. Huko ndiko tunakoishi sisi wakaza mwana wawili tangu wanaume wetu walipofuata kazi ya ujenzi wa reli iendayo Suswa na Naivasha. Reli ilizinduliwa Oktoba 2019, kazi ikaisha, nao wakabaki na duka la vifaa vya ujenzi. Wazee wakatufuata baadaye, Baba akisema kwamba hewa kavu itamfaa kifua chake.

Ewuaso kwa Kimaasai ni mto. Kwa miezi mingi sisi tunachokiona ni mchanga, na maji tunayanunua kwa mitungi. Jambo hili tunalitaja mapema kwa sababu mkate tutakaoueleza hauhitaji kukandwa, hauchafui meza, na huoshwa bakuli moja tu baada yake. Kwa anayenunua maji, hiyo si fadhila ndogo.

Baba alifariki mwanzoni mwa Juni, Mwenyezi Mungu amrehemu. Jamaa walipanda kutoka pwani, wakasoma hitima, wakakaa siku walizoweza, kisha wakarejea kwenye kazi zao. Mama akabaki kukaa eda katika nyumba aliyomwachia mumewe, miezi minne na siku kumi, kama ilivyoamrishwa. Nanyi mnaijua eda ya pwani ilivyo. Baada ya alasiri ua hujaa. Huyu kaja na birika la kahawa, yule na sahani ya visheti, na mwenye msiba hasemi wala hakai peke yake ila akitaka mwenyewe. Ewuaso nyumba za Waislamu tulizozijua tungeweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mama alikaa juu ya mkeka wake akiuelekea mlango uliofungwa kwa ajili ya upepo. Alikula matonge matatu akaisukuma sahani. Kufikia wiki ya pili kanga ilikuwa ikimzunguka karibu mara mbili, na sisi tukawa tunapokezana usiku kumsikiliza kama analala.

Waliokuja ni majirani wa Kimaasai. Maneno yetu ya kutoa pole hawakuyajua, nasi yao hatukuyajua vyema. Waliingia, wakavua viatu walipotuona sisi tumevua, wakakaa chini kimya, na kila mmoja akaacha maziwa. Wa kwanza, mama mtu mzima tunayemwita Yeyo kama wanawe wanavyomwita, alikuja na kibuyu, akatumiminia maziwa sufuriani na kuondoka nacho. Kibuyu chao husafishwa kwa namna yake, kwa kijiti cha moto, si kwa sabuni na maji yetu. Wengine waliacha vidumu vya plastiki, vikajipanga mlangoni.

Siku moja Mama akavitazama, akasema, "Vyombo vya watu vina siku nne hapo. Mnataka kuvirudisha vitupu?"

Yalikuwa maneno yake ya kwanza, tangu msiba, ambayo hayakuwa jibu la swali letu. Hakuna aliyelelewa Mji wa Kale asiyejua kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu. Tulichokosa ni cha kutia. Mkate wa kumimina unataka mchele ulioroweka na tui, na nazi ifikapo Ewuaso huwa imezeeka na bei yake haisemeki. Maandazi yasiyo na tui Mama hayahesabu kuwa maandazi. Boflo la dukani hufika kwa gari, na likishapitiwa na upepo wa hapa huwa gumu siku hiyo hiyo. Tulichokuwa nacho ni unga wa ngano, hamira, chumvi, mafuta ya alizeti, na chupa ya mafuta ya zaituni ambayo Baba alikuwa akijipaka magotini.

Mmoja wetu ni mzaliwa wa Malindi. Wataliano walikuja kule katika miaka ya 1960 na mradi wao wa San Marco, jukwaa lililojengwa baharini mbele ya Ngomeni, ambako mwaka 1967 walirusha setilaiti. Baada ya wanasayansi wakaja wenye hoteli, na baada ya wenye hoteli wakaja waoka mikate, na vijana wengi wa Malindi wakajifunza Kitaliano na upishi wake majikoni humo. Hivyo fokacha si mgeni pwani. Asili yake maarufu ni Genova, mji wa bandari kama wetu, na jina lake linatokana na neno la Kilatini la mahali pa kuwashia moto. Ukitaka kulisema kwa lugha yetu ni mkate wa mekoni, basi. Mama alipoelezwa hivyo alisema kwamba kumbe ni mkate wa watu wasio na nazi. Hatuoni kama mtu anaweza kuueleza vizuri zaidi.

Sasa sikilizeni vipimo. Chukueni nusu kilo ya unga wa ngano mweupe, vijiko viwili vya chai vya chumvi, kijiko kimoja cha chai cha sukari, na kijiko kimoja cha chai cha hamira ya chembechembe. Mimina maji ya vuguvugu mililita 400, yaani vikombe viwili vya chai vya kawaida, na vijiko viwili vya kulia vya mafuta. Koroga kwa mwiko mpaka pasionekane unga mkavu. Utaona ni mzito kuliko rojo na mwepesi kuliko unga wa chapati, nao utanata. Usiogope wala usiongeze unga. Anayeongeza unga hapa atapata mkate mkavu. Funika. Baada ya nusu saa lowesha mkono, vuta ukingo mmoja wa unga juu na uukunje katikati, zungusha bakuli, fanya hivyo pande zote nne. Rudia mara mbili nyingine kwa nafasi ya nusu saa. Mikunjo hiyo ndiyo inayoshika nafasi ya kukanda.

Kisha uache uumuke hadi uwe maradufu, na hapa pwani na bara hatuko sawa. Sisi tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na unga hufura kwa wepesi, lakini usiku wa Julai baridi huilaza hamira. Tulikuwa tukichanganya baada ya isha na kuukuta tayari alfajiri. Nyinyi mlio Mombasa au Lamu mkifanya hivyo mtaukuta unga umemwagika nje ya bakuli na unanuka uchachu. Tumieni maji ya baridi na nusu ya hamira, na saa mbili au pungufu zitatosha. Atazamwe unga, si saa.

Ukishaumuka, paka mafuta kwa wingi sufuria pana au sinia lenye ukingo, mimina unga, usambaze taratibu kwa vidole, uache tena kama robo tatu ya saa. Mwisho chovya vidole vyote katika mafuta na uvididimize hadi chini, hadi unga uwe na mabonde kote. Wataliano wa Genova humwagia juu yake maji yaliyokorogwa na chumvi na mafuta, yatulie katika vishimo, nasi tumeona kuwa hapo ndipo ladha ilipo: vijiko vitatu vya maji, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwili vya mafuta ya zaituni. Kama zaituni ni ghali, na ni ghali, tia alizeti ndani ya unga na uiweke zaituni kwa hapo juu tu. Wenye oveni watawasha nyuzi 220 na kuoka dakika 20 hadi 25.

Sisi hatuna oveni. Tulikuwa tumekwisha kuamua kuupika kwenye kikaango kama chapati nene, na Mama akainuka mkekani. Aliomba seredani. Mwanamke aliyepika mkate wa sinia miaka hamsini hawezi kutazama mkate ukigeuzwageuzwa. Akapanga makaa matano tu chini, akafunika sufuria kwa bati, akapanga juu ya bati makaa kumi na mawili yaliyokolea, akakaa kitako kandoni na kanga yake ya kiuno ameikaza. Moto wa juu uushinde wa chini. Mkate huiva kwa kuitwa juu, ndivyo alivyotuambia. Kila dakika chache alipitisha kiganja hewani juu ya bati, akaondoa kaa hapa akaongeza pale, na upepo ulipochochea upande mmoja alizungusha sufuria. Makaa aliyahesabu pia kwa sababu nyingine. Mkaa wa huku hutoka katika migunga ya malishoni, na wenyeji huumia kuona miti inayowapa mifugo wao kivuli ikipita barabarani ndani ya magunia. Baadaye tulijifunza kuongeza magunzi ya mahindi kwa moto wa juu. Dakika 25 zikapita, akafunua.

Tuliufunga mkate wa kwanza katika kitambaa safi, tukautia kikapuni pamoja na kidumu kilichooshwa, tukampelekea Yeyo. Wa pili tuliula wenyewe. Mama alikula vipande viwili na chai, akaomba cha tatu.

Kuanzia hapo akawa anapika mara tatu kwa wiki, vidumu vikawa vinakuja na kurudi, na habari ikafika pwani kabla ya sisi kuipeleka. Simu zikaanza. Baadhi ya jamaa waliona si vyema: mwenye eda kusimamia moto, kupeleka vyakula kwa watu kama mwenye sherehe. Waliosema hivyo wanampenda, na hatukutaka kuwajibu kwa ujuzi tusio nao. Waume zetu wakamuuliza maalimu wao. Jibu lilikuwa fupi, kwamba eda inamzuia kuolewa, kujipamba, kujitia manukato na kutoka nyumbani pasipo dharura, haimzuii kazi za nyumbani mwake wala kumkirimu jirani. Sisi ndio tuliokuwa tukiupeleka mkate. Mama hakuuvuka mlango. Maneno yalipungua, hayakwisha.

Jambo moja alilishika yeye mwenyewe. Mzaliwa wa Malindi alikuwa amepanda rosemari kando ya tangi, na fokacha ya kule hunyunyiziwa majani yake. Mama aliyanusa akayarudisha. Akasema yananukia mno kwa mtu wa hali yake, wala hakutaka aulizwe mtu. Tukatia vitunguu vilivyokatwa vyembamba na habasoda, na mpaka leo hivyo ndivyo tunavyopenda zaidi. Mwenye kutaka nyanya azitoe mbegu kwanza, maji yake huufanya mkate kuwa mbichi katikati.

Mkate huu ni mtamu siku yake. Siku ya pili unyunyizie maji, uuweke kikaangoni ukiwa umefunikwa kwa dakika tatu. Ukizidi hapo ukatie ndani ya mchuzi wa kuku au supu ya dengu.

Eda ilikwisha katikati ya Oktoba. Asubuhi hiyo Mama alioga, akajipaka udi, na safari yake ya kwanza ilikuwa nyumbani kwa Yeyo, kwa miguu, amejifunika buibui, na mkate kikapuni. Walikaa hadi adhuhuri bila ya mmoja kuijua lugha ya mwenziwe. Tangu Rajab yuko Mombasa kwa binti yake. Bati lake lilitoboka, tukanunua jingine. Kila Alhamisi hupiga simu akauliza habari za watoto, za duka, za mvua, kisha huuliza tumeweka makaa mangapi chini, nasi tunajibu matano.