Kanda ya Pili

Sine yetu ilikuwa Buyenzi, kwenye mojawapo ya zile avenyu zisizo na majina ila namba. Mabenchi ya mbao, pazia zito lililonuka mafuta ya gereji ya jirani, televisheni juu ya kabati lenye kufuli, deki chini yake, na pembeni kistuli kimoja. Kistuli hicho kilikuwa changu. Nilikuwa mtafsiri.

Kanda zilitufikia kwa ziwa kutoka Kigoma, nyingine kwa barabara kutoka Uvira. Zilikuwa za Kihindi, za Kichina, za Kiingereza. Buyenzi ni mtaa wa Waswahili. Kifaransa kilikuwa cha wachache waliobahatika shule, na Kiingereza hakikuwa cha mtu. Basi sauti ya televisheni ilipunguzwa, nami nikaanza. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu. Baadaye Kigali wakawapata akina Yanga, na filamu zao wakaziita agasobanuye, yaani kijambo kilichoelezwa. Sisi tulikuwa na mimi.

Nikiri mapema kwamba Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, na Kihindi sikukijua hata salamu. Nilichokuwa nacho ni mdomo, pamoja na imani kwamba mtu hawezi kutoa faranga zake kisha atoke hajui nani alimkosea nani. Hakuna aliyepigwa katika sine yetu bila sababu. Rambo alikuwa na mama mgonjwa. Yule Mchina wa visasi alidhulumiwa shamba na baba yake mdogo. Mtu akiota kwenye filamu, mimi nilishasema "hii ni ndoto" kabla hajaamka. Mahali palipokuwa na kimya nilipajaza, na palipokuwa na fumbo nililifumbua, hata kama aliyelitega alitaka libaki fumbo.

Siku moja ikaja filamu ya Kihindi yenye kanda mbili, na kanda ya pili haikufika. Watu wamejaa mpaka mlangoni. Mwenye sine alitaka kurudisha pesa, nikamwambia subiri. Nikasimama mbele ya televisheni iliyozimwa, nikaimalizia filamu kwa mdomo: harusi, moto, ndugu wawili wanaotambuana kwa kovu la utotoni. Nusu ya watu walipiga makofi. Nusu nyingine walitaka pesa zao, na mmoja alinichania shati. Miezi kadhaa baadaye kanda ilifika. Mwisho wa kweli ulikuwa mwingine kabisa, na hata yule wa shati alisema wangu ulikuwa bora. Maneno hayo niliyatembeza Buyenzi nzima kwa miaka.

Huko New York, kuanzia Desemba 1970, ukumbi wa Elgin ulikuwa ukionyesha El Topo ya Alejandro Jodorowsky usiku wa manane, miezi na miezi, na mpaka leo watu hawajakubaliana ile filamu inasema nini. Nilipolisoma jambo hilo nilicheka peke yangu. Kwetu usiku wa manane ulikuwa wa askari. Amri ya kutotoka nje usiku tuliishi nayo miaka yote ya vita, ikaondolewa Aprili 2006. Filamu zilianza alasiri na zilipaswa kwisha watu wakiwahi makwao. Filamu isiyoeleweka ningeipa muda gani?

Si kwamba hatukugombana. Mwaka 1992 Léonce Ngabo, ambaye sisi tulimjua kwanza kwa nyimbo zake, alitoa Gito l'ingrat, filamu ndefu ya kwanza ya hadithi kutengenezwa na Mrundi. Gito anarudi kutoka masomoni Paris akiamini uwaziri unamsubiri, kumbe hakuna kinachomsubiri. Anamrudia mpenzi wake wa zamani, mara mpenzi wake Mfaransa wa Paris naye anashuka na ndege, na wale wanawake wawili badala ya kung'oana nywele wanapatana kumfundisha adabu. Kanda yake ilipotufikia, akina dada walijaa sine kwa mara ya kwanza. Walipiga vigelegele. Wanaume walisema filamu imeharibiwa na Wazungu, mwanamke wa Kirundi hawezi kufanya vile. Ubishi ulihamia barabarani, ukafika kwenye mishikaki, ukalala, ukaamka nasi. Hapo sikuwa na kazi. Kila mtu alijua filamu inasema nini. Waligombana kama ina haki ya kusema.

Mwaka uliofuata, Juni, tulipiga kura. Oktoba 21 rais Melchior Ndadaye akauawa. Watu waliokuwa wakibishana juu ya Gito kwenye benchi moja wakaanza kutazamana pua, na mambo mengine ya miaka ile nitayaacha hapo.

Sine ilifunguliwa, ikafungwa, ikafunguliwa. Katika ufunguzi wa mwisho nilikuwa na kijana wa kunisaidia, mtoto wa dada mmoja anayeuza ndagala. Kazi yake ilikuwa kurudisha kanda nyuma kwa mkono ili deki isichoke. Alikuwa na tabia iliyoniudhi. Kila nilipomaliza aliniuliza pembeni, "Kaka, pale alipotazama dirishani muda mrefu, kweli alisema yote yale?" Nikimwambia ndiyo, ananyamaza kwa namna ya kunionea huruma.

DVD zilikuja, sine ikawa duka la simu, kijana akawa mtu mzima. Aprili 2015 watu waliingia barabarani kupinga muhula wa tatu wa rais Nkurunziza, naye alikuwamo. Mei 13 wanajeshi walijaribu kupindua, wakashindwa, na redio binafsi zikachomwa. Wiki ile ile kijana alivuka kwenda Rwanda na begi moja la mgongoni. Mama yake alibaki na ndagala zake.

Mpaka wa Rwanda ulipofunguliwa mwaka 2022, kabla haujafungwa tena Januari 2024, alinitumia filamu. Flashi ndogo, imefungwa kwenye karatasi ya sigara, mkononi mwa msafiri. Ujumbe wake kwa simu ulikuwa mfupi: "Kaka, hii ni ya kwetu. Waonyeshe watu. Mama awepo."

Neptune Frost. Waliiongoza Saul Williams, mshairi na mwanamuziki wa Marekani, na mkewe Anisia Uzeyman, mzaliwa wa Rwanda, ambaye pia ndiye aliyeshika kamera. Ilionyeshwa Cannes Julai 2021. Hadithi iko Burundi, na Burundi ndiko walikotaka kuipigia picha, lakini hali ya hapa haikuwaruhusu, wakaenda Rwanda. Huko waliwakuta Warundi wengi wa sanaa, waliokimbia mwaka ule ule aliokimbia kijana wangu. Anayecheza Matalusa, mchimba koltani, ni Bertrand Ninteretse, Kaya Free, mwanamuziki wetu. Wanazungumza Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, wakirukia hii na kuitupa ile, kama watu wa stendi ya mabasi.

Tulikodi projekta ya harusi, tukatundika shuka jeupe uani kwa mpwa wangu. Walikuja kama watu arobaini. Wazee wa sine ya zamani waliniletea kistuli bila kuulizwa, na nilifurahi kuliko nitakavyokiri. Mama wa kijana aliketi mbele kabisa, chini, kwenye mkeka.

Filamu inaanza mgodini. Kijana mmoja anasimama kidogo kutazama kipande cha koltani alichokishika, msimamizi anampiga, anakufa. Wenzake wanaomboleza kwa ngoma. Mpaka hapo tuko pamoja. Kisha yule Neptune, ambaye ni mwanamume, akichezwa na Elvis Ngabo, anakimbia kwao, anavuka ziwa, na anaendelea na safari akiwa mwanamke, sasa akichezwa na Cheryl Isheja, mtu yule yule. Kuna mtu wa ndotoni mwenye gurudumu la baisikeli. Kuna kijiji cha vijana wanaoingilia kompyuta za dunia, wamevaa nyaya na vipande vya mashine zilizotupwa. Wanaimba wimbo wa kuitukana Google. Wanasalimiana kwa maneno ambayo hakuna anayesalimiana nayo.

Miaka yote nilitafsiri kwa sababu watu hawakuelewa maneno. Usiku ule walielewa kila neno, na hakuna aliyeelewa kinachoendelea. Nilihisi jasho kwenye kistuli changu.

Watu waligawanyika mapema. Vijana wa mpira walisimama baada ya nusu saa wakasema hii si filamu, ni homa. Mafundi simu wa sokoni walichangamka kuliko wote, kila lilipopita vazi la vipande vya kompyuta walipiga kelele, "Ile bodi ile! Ile ni ya simu ya zamani!" na mmoja akasema maishani mwake hajawahi kuona kazi yake ikivaliwa kama vito. Palikuwa na mzee wa Kayanza aliyewahi kuchimba Kabarore. Yeye alikasirika. "Shimo ni lile lile," alisema, "lakini pumzi ya kuimba inatoka wapi mle?" Fundi simu akamjibu, "Mzee, hawaimbi shimoni, wanaimba kichwani." Wakaanza kubishana, ubishi mzuri, wa aina niliyoikosa tangu Gito.

Lakini Neptune alipogeuka mwanamke, ubishi uligeuka sura. Mtu mmoja wa msikitini alisimama akisema uchafu huu usionyeshwe mbele ya watoto. Mwingine akasema zima. Mpwa wangu alinitazama kwa hofu, maana nyumba ni yake. Na sauti za zamani zikatoka nyuma: "Mtafsiri! Tueleze!"

Nikasema ni jini.

Lilinitoka kirahisi, kama yale ya Rambo na mama yake mgonjwa. Nikasema huyu tangu mwanzo si binadamu, ni jini wa ziwa, na majini mnajua hubadilika, leo mwanamume kesho mwanamke. Ametumwa kulipiza damu ya yule kijana wa mgodini. Uani pakatulia. Yule wa msikitini aliketi. Majini yamo katika elimu yake. Hata vijana wa mpira walirudi. Tangu hapo nikaishika filamu nzima. Mtu wa gurudumu akawa mfalme wa majini. Kijiji cha kompyuta kikawa mji wao. Nilijaza kila kimya, na ile filamu ina vimya vingi, vimewekwa kwa makusudi.

Wakati wa umati, vijana wengi wakipita mbele ya kamera, dada yule wa mkekani aligeuka akaniambia kwa Kirundi, "Ceceka." Nyamaza. Nilidhani analihurumia koo langu, au hakupenda habari za majini. Niliendelea. Akageuka tena, mara hii hakusema kitu, alinitazama tu, kisha akarudisha macho kwenye shuka na kulisogelea mpaka kivuli cha kichwa chake kikaonekana chini ya picha.

Ni mpwa wangu aliyenieleza asubuhi, tukikunja shuka. Dada yule alikuwa amesikia kwamba watoto wa huku waliokimbilia Kigali wamo humo ndani. Hakuja kuangalia Neptune wala jini. Alikuwa akipekua nyuso, moja moja, na ilikuwa lazima asikie pia, maana mtu waweza kumkosa kwa sura ukampata kwa kikohozi. Mwanawe hakuwamo. Lakini hakuwa na namna ya kulijua hilo mpaka mwisho, na kuanzia mwanzo hadi mwisho palikuwa na sauti yangu.

Watu walitoka wakinisifu. "Bila wewe tungelala." Mzee wa Kayanza na fundi simu walitoka kila mmoja kwa njia yake; ubishi wao niliuzima nilipoleta jini, kwa sababu jini halibishaniwi. Nimeitazama filamu ile mara tatu tangu hapo, peke yangu, mdomo umefungwa. Sehemu nyingine bado siielewi. Ile ngoma ya mwanzoni, baada ya kijana kuuawa, nilikuwa nimeipitia juu kwa juu nikieleza ukoo wa marehemu. Ni kitu cha kukaa nacho kimya. Nadhani yule fundi simu alikuwa na haki, na mzee wa Kayanza pia.

Jioni ya siku ile tuliyokunja shuka kijana alipiga simu kutoka Kigali. Alianza na mama.

"Aliionaje?"

"Alikaa mpaka mwisho."

"Alisema nini?"

Nikatafuta cha kusema, mimi niliyewahi kumaliza filamu nzima mbele ya televisheni iliyozimwa.

"Wengine je? Yule Neptune, walimchukuliaje?"

"Walitulia," nikamwambia. "Niliwaeleza."

Nilidhani mtandao umekatika. Kisha nikamsikia akipumua, na ile sauti yake ya utotoni, ya pembeni mwa deki na kanda mkononi:

"Uliwaeleza nini, kaka?"