Karatasi Tu

Tarehe 1 Julai 2025 niliamka alfajiri nikawasha kompyuta kabla ya kunawa uso. Mwenzangu wa chumba, aliyekuwa bado ndani ya chandarua, aliniuliza kama nasubiri matokeo ya mtihani. Nikamwambia nasubiri orodha ya wafungwa. Akajifunika shuka, akalala tena.

Tangazo lilitoka siku hiyo hiyo, aya chache tu. India ilikuwa imeikabidhi Pakistan majina ya wafungwa wa kiraia 382 na wavuvi 81 walio mikononi mwake, ambao ni Wapakistani au wanaaminika kuwa Wapakistani. Pakistan nayo ilikuwa imekabidhi majina ya wafungwa wa kiraia 53 na wavuvi 193, Wahindi au wanaoaminika kuwa Wahindi. Orodha zilibadilishwa kwa wakati mmoja, moja New Delhi, nyingine Islamabad.

Wiki saba kabla ya hapo, nchi hizo mbili zilikuwa zikirushiana makombora.

Nilijiunga na shahada ya uzamili ya uhusiano wa kimataifa kwa sababu ya mabomu. Sioni haya kusema hivyo. Nilitaka kusoma mambo makubwa: nchi mbili jirani, zilizozaliwa siku moja baada ya nyingine mwaka 1947, zilizopigana vita zaidi ya mara moja, na ambazo kila moja sasa inakadiriwa kuwa na vichwa vya nyuklia karibu 170 au 180. Nilijua kwa moyo tarehe za majaribio yao ya Mei 1998, India jangwani Pokhran, Pakistan kwenye milima ya Chagai. Nilijua jinsi Waziri Mkuu Vajpayee alivyopanda basi hadi Lahore mnamo Februari 1999 kutia saini azimio la amani, na jinsi miezi michache baadaye wanajeshi walivyokuwa wakiuana katika milima ya Kargil. Hadithi ile ya basi niliipenda. Ina safari, ina kukumbatiana, ina usaliti.

Basi, msimamizi wa tasnifu yangu aliponipa nakala ya makubaliano yaliyotiwa saini Islamabad tarehe 31 Desemba 1988, niliisoma mara moja nikaiweka kando. Ni maandishi mafupi mno. Kila upande unaahidi kutoshambulia vituo vya nyuklia vya mwenzake, wala kumsaidia mwingine kuvishambulia. Na kila tarehe 1 Januari kila upande unamwandikia mwenzake latitudo na longitudo za vituo hivyo.

Kwenye semina nilisema kwa kujiamini: "Hii ni karatasi tu. Mtu akitaka kukupiga, karatasi haimzuii." Wenzangu walicheka. Msimamizi hakucheka. Aliniuliza swali moja: "Je, unajua ni mara ngapi wameshindwa kuipeleka hiyo karatasi?"

Sikujua. Nikaenda kutafuta.

Chanzo chake ni hofu. Mwaka 1981 ndege za Israel zililipua kinu cha nyuklia cha Iraq, na kuanzia hapo Islamabad ilishika wasiwasi kwamba India ingeweza kufanya vivyo hivyo kwenye mitambo ya Kahuta. Desemba 1985 Rajiv Gandhi na Jenerali Zia-ul-Haq walikubaliana kwa mdomo kwamba hawatashambuliana kwenye vituo hivyo. Zia akafa katika ajali ya ndege mwaka 1988, na ni Benazir Bhutto, akiwa na majuma machache tu madarakani, aliyempokea Rajiv mjini Islamabad siku ile ya mwisho wa mwaka. Makubaliano yalianza kufanya kazi Januari 1991, na orodha za kwanza zikabadilishwa tarehe 1 Januari 1992.

Tangu hapo sikupata hata mwaka mmoja ambao hazikubadilishwa. Nilitengeneza jedwali, mwaka baada ya mwaka, nikitafuta pengo. Mwaka 1999 baada ya majaribio ya mabomu: zimepelekwa. Tarehe 1 Januari 2002, majuma mawili na ushee baada ya Bunge la India kushambuliwa, majeshi yakiwa yanajipanga mpakani: zimepelekwa. Januari 2009, Mumbai bado ikiomboleza waliouawa mwezi Novemba: zimepelekwa. Januari 2025 ilikuwa mara ya 34 mfululizo.

Sitaki kuipamba karatasi hiyo. Haitangazwi hadharani, na tangu mwanzo kila upande umeshuku kwamba mwenzake anaficha kitu. Haijazuia vita vya Kargil. Haijarudisha uhai wa mtu. Lakini nilianza kuona kwamba nilikuwa nimeuliza swali lisilo lake. Nilikuwa nauliza kama karatasi inaleta mapenzi. Wao hawakuwahi kuahidiana mapenzi. Waliahidiana kwamba, hata wakichukiana vipi, siku fulani mtu fulani atapokea bahasha kutoka kwa mtu fulani.

Kisha ikaja Aprili 2025. Tarehe 22 watu 26 waliuawa Pahalgam, Kashmir, wengi wao watalii. Kesho yake India ikatangaza kuusimamisha Mkataba wa Maji ya Mto Indus, mkataba wa mwaka 1960 uliovuka salama vita vyote vilivyofuata. Mpaka wa Attari na Wagah ukafungwa. Kila upande ukapunguza watumishi wa ubalozi wa mwenzake. Tarehe 7 Mei India ikapiga, Pakistan ikajibu, na kwa siku nne nilikaa mbele ya kompyuta nikitazama mada ya tasnifu yangu ikiungua. Tarehe 10 Mei maofisa wakuu wa operesheni za majeshi mawili walizungumza kwa simu, na mapigano yakasitishwa.

Msimamizi aliniandikia ujumbe: "Sasa tusubiri Julai."

Mbali na orodha ya nyuklia, ipo nyingine. Kwa makubaliano ya mwaka 2008, kila tarehe 1 Januari na 1 Julai nchi hizo hupeana majina ya raia wa mwenzake waliofungwa kwake. Nilikuwa nimeigusa kwenye tasnifu kwa aya moja, kama mtu anayetaja binamu wa mbali. Lakini asubuhi ile ya Julai, nilipoona neno wavuvi, na ile 193 mbele yake, niliacha kunywa chai.

Mimi ni mtoto wa mvuvi. Nyumbani ni Moa, wilaya ya Mkinga, kaskazini mwa Tanga, ambako ukitembea pwani kuelekea kaskazini hufiki mbali kabla ya kuingia Kenya. Mwaka 2014, nikiwa kidato cha pili, baba aliondoka usiku mmoja wa Julai na baba mdogo na kijana mmoja wa jirani. Kusi ilikuwa inavuma. Mashine ikazimika. Wakatweka tanga, tanga likapasuka, na kusi, kama inavyofanya tangu enzi za majahazi, ikawasukuma kaskazini. Walikamatwa na doria ya upande wa pili kwa kuvua bila kibali katika maji yasiyo yao.

Hayo tuliyajua baadaye. Wakati ule tulichojua ni kwamba hawakurudi.

Siku ya kwanza watu walisema wamepumzika kisiwani. Siku ya tatu mashua mbili zilikwenda kutafuta, zikarudi. Siku ya tano wazee walianza kukaa barazani kwetu wakizungumza kwa sauti ya chini, na nikasikia neno khitma. Mama alitoka na sufuria mkononi akawaambia, kwa adabu lakini kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, kwamba nyumba hii haijafiwa. Aliendelea kumwekea baba chakula kila jioni. Usiku tulikila sisi.

Siku ya saba alikuja mama mmoja mchuuzi wa dagaa kutoka Vanga. Alifungua fundo la kanga yake akatoa kipande cha karatasi ya daftari. Alisema amepewa na kijana mmoja wa pale kituoni, aliyemwonea huruma baba. Kilikuwa na majina matatu kwa kalamu ya bluu. La baba lilikuwa limekosewa herufi mbili.

Mama hajui kusoma vizuri. Alinipa mimi. Nilisoma majina matatu, akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Akakaa chini mchangani palepale uani, akiwa bado ameshika mwiko.

Baba hakurudi siku ile. Alirudi siku mbili baadaye, amekonda, bila nyavu na bila mashine, na ilichukua zaidi ya mwaka kununua mashine nyingine. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye mikufu ya mama. Karatasi haikufungua mlango wowote. Lakini usiku ule wa siku ya saba mama alilala, kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Karatasi yenyewe aliihifadhi sandukuni pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Ipo hadi leo.

Na mimi, mtoto niliyeisoma kwa sauti, nilisimama kwenye semina miaka kumi na moja baadaye nikasema: karatasi tu.

Kati ya India na Pakistan mambo ni mazito kuliko yetu, na sitaki kulinganisha siku tisa za baba na miaka ambayo wengine hukaa katika gereza la Malir, Karachi, au katika magereza ya Gujarat. Tanzania na Kenya si mahasimu. Ila bahari ni ileile. Kaskazi inayovuma kwetu mwisho wa mwaka ndiyo iliyoleta majahazi ya Kachi na Sindh hadi Mombasa, Tanga na Unguja kwa karne nyingi, na wavuvi wanaokamatwa leo hutoka kwenye pwani hizo hizo mbili. Kati yao kuna hori linaloitwa Sir Creek, lenye urefu wa kilomita 96 hivi, katika tope na chumvi ya Rann of Kutch. India inasema mpaka unapita katikati ya mkondo. Pakistan inasema unapita ukingo wa mashariki. Kwa kuwa hawajakubaliana juu ya hori, hawajakubaliana juu ya mstari unaoendelea baharini. Mvuvi anafuata samaki, boti ya doria inatokea, chombo kinachukuliwa, watu wanapelekwa gerezani.

Hapo ndipo tasnifu yangu ilipogeuka. Nchi hizi huandikiana kila mwaka latitudo na longitudo za mahali pao pa siri kuliko pote. Lakini mstari ambao ukiuvuka kwa mashua ya mbao unakuwa mfungwa haujachorwa.

Makubaliano ya 2008 yanasema mfungwa apate kuonana na maofisa wa ubalozi wake ndani ya miezi mitatu, na arudishwe ndani ya mwezi mmoja baada ya uraia kuthibitishwa na kifungo kwisha. Katika tangazo lile la Julai, India ilikuwa bado inadai kuachiwa kwa wavuvi na wafungwa waliokwisha kumaliza vifungo vyao. Ndiyo maana yale maneno "wanaaminika kuwa" yananikaa kooni. Ni mtu aliye kati ya mtu na jina. Nchi moja inasema ni wako, nyingine haijajibu.

Jioni ile nilipiga simu nyumbani. Baba alipokea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Vipi hizo bomu zako?"

Nikamsomea tarakimu. Nikamweleza habari za hori na ule ubishi wa katikati na ukingo. Alinyamaza kidogo.

"Kwa hiyo mpaka wenyewe hawajaelewana uko wapi?"

"Bado, baba."

"Sasa huyo mvuvi wanamkamata kwa kuvuka nini?"

Sikuwa na jibu. Nimesoma makala nyingi juu ya sheria ya bahari na sikuwa na jibu ambalo ningeweza kumpa mtu aliyewahi kusukumwa na kusi. Akacheka kile kicheko chake kifupi, akasema ngoja nikupe mama yako, naye anataka kusikia.

Mama hakuuliza habari za mpaka. Aliuliza, "Hayo majina yameandikwa?"

"Ndiyo, mama. Sisi tunatangaziwa idadi tu, lakini wao wanapeana majina."

"Yote?"

"Wanasema yote. Sijui."

Nilimsikia akimwita mdogo wangu apunguze sauti ya redio. Kisha akarudi kwenye simu.

"Waambie hao walimu wako," alisema, "kuna mwanamke leo atalala."

Juma lililofuata nilimpelekea msimamizi muhtasari mpya wa tasnifu. Basi la Lahore limebaki na ukurasa mmoja. Wavuvi, waliokuwa na aya moja, sasa wana sura nzima. Alirudisha ukiwa na alama nyekundu nyingi, na pembeni mwa kichwa cha habari ameandika swali moja tu: nina uhakika gani kwamba orodha huwa zinafika majumbani? Hilo ndilo ninalolitafuta sasa.