Baisikeli Iliyotundikwa

Sisi twakaa Masagati. Twataka kuwapa habari ya jambo dogo la nyumba yetu, nalo ni baisikeli. Kwani huenda kwenu pia kimo chombo kilichotundikwa kwa sababu ya hofu.

Masika ya mwaka jana tulikuwa tukishuka katika njia iendayo Mlimba, binti yetu wa miaka minane ameketi juu ya keria. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Mwenye baisikeli ajua ya kuwa rimu ya chuma ikilowa, mipira ya breki huteleza. Tena mipira yetu ilikuwa imelika, nasi tulijua, tukasema, "Tutaibadili tukirudi." Basi katika mteremko tulibana breki, baisikeli isisimame, tukaanguka mtaroni. Sisi tulichubuka magoti tu. Mtoto alivunjika mkono.

Mkono ulifungwa plasta, ukaunga vyema, tukashukuru. Lakini baisikeli tuliitundika katika banda la kuni, tukaapa kutoipanda tena. Mwendo wa nusu saa ukawa wa saa mbili, na kila tulipoulizwa tulijibu kwamba kutembea kwaufaa mwili. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nasi hata kengele ya baisikeli ya jirani ilitutoa jasho.

Mwezi wa Julai, mpunga ulipokwisha kuvunwa, tulikwenda Ifakara kuwaamkia ndugu, pamoja na binti yetu. Huko bondeni nchi ni tambarare, na baisikeli hupita tangu alfajiri: wanaume kwa wanawake, huyu na gunia la mpunga, huyu na mtoto mgongoni. Binti yetu aliwatazama sana, kisha akauliza, "Baba, hawa hawaanguki?"

Tukamjibu, "Huanguka, mwanangu."

Akanyamaza kidogo, akasema, "Mkono wangu umepona. Mbona Baba bado?"

Neno lile lilituchoma. Tulikuwa tukisema twamhifadhi mtoto, kumbe twaificha aibu yetu. Usiku ule tulimwambia, mama yake akisikia, "Breki zilikuwa mbovu, nasi tulijua. Kosa ni letu." Akaitikia tu, "Haya, Baba," akalala.

Kesho yake tulinunua mipira mipya. Tuliporudi, fundi akainyosha uma ya mbele, akatufundisha kipimo: bana breki, sukuma baisikeli, gurudumu likizunguka, usiondoke. Siku ya kwanza tuliikokota tu kuzunguka uwanja wa mpira. Ya pili tukapanda, mikono ikitetemeka. Siku nyingine tulishuka upesi kuliko tulivyopanda, wala hatukujilaumu.

Hata asubuhi moja ya kiangazi, njia imekauka, upepo wa baridi usoni, tulijikuta twapiga kengele mahali pasipo mtu. Tukacheka peke yetu. Ile furaha ya ujana wetu ilikuwa imerudi bila kuitwa.

Sasa binti yetu hupanda tena nyuma yetu. Tukifika penye mteremko ule twashuka sote wawili, twaikokota hadi chini, naye ameshika keria. Wapitao hutucheka, nasi twawaamkia. Chini kabisa yeye hupanda kwanza, akasema, "Twende, Baba."

Ndugu, tazameni breki zenu leo, msingoje kurudi. Na aliye na baisikeli iliyotundikwa, aishushe, aifute vumbi, aanze uwanjani.